Macho yako wazi, maneno hayatoki: mwongozo kamili wa mutizimu akinetiki baada ya kuumia ubongo

Mgonjwa ametoka ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. Anapumua mwenyewe, macho yako wazi, na ukizunguka kitanda macho yanakufuata. Lakini hasemi. Hainui mkono, haombi maji hata midomo ikikauka, na nzi akimtua shavuni hamfukuzi. Hajapooza, maana daktari akimfinya kidole anauvuta mkono. Siku zinapita na ndugu wanaanza kugawanyika. Mmoja anasema amekata tamaa ya maisha, mwingine anasema anasusa kwa sababu ya ugomvi wa kabla ya ajali, wa tatu ameshampigia simu mganga.

Hali hii inaitwa mutizimu akinetiki. Hutokea pale zinapoumia njia za ubongo zinazoanzisha tendo. Misuli ipo, sauti ipo, kusikia kupo, na mara nyingi kuelewa kupo kwa kiasi fulani. Kinachokosekana ni ule msukumo wa ndani unaomfanya mtu mwenye kiu anyooshe mkono kwenye kikombe. Kwa hiyo mgonjwa hakatai. Familia ikiamini kwamba anakataa, ama humgombeza ama humwacha peke yake, na yote mawili yanamuumiza. Na kwa kuwa ukimya huu una chanzo, na baadhi ya vyanzo vinaondoleka kabisa, anayekaa na mgonjwa kutwa nzima ana kazi kubwa ya kusaidia kukitafuta. Ndiyo maana nusu ya mwongozo huu ni ya kutafuta chanzo kabla hatujafika kwenye kulisha na kugeuza.

Uamuzi wa tiba ni wa daktari anayemwona mgonjwa. Haya yatakusaidia kumpelekea habari sahihi na kumuuliza maswali sahihi.

Kinachoharibika ubongoni

Jina la hali hii lilitolewa Uingereza mwaka 1941 na daktari wa upasuaji wa ubongo, Hugh Cairns, na wenzake. Mgonjwa wao alikuwa msichana wa miaka 14 mwenye uvimbe wa majimaji katikati ya ubongo, ndani ya kile kiitwacho chumba cha tatu. Aliwafuata watu kwa macho lakini hakusema wala kujisogeza. Madaktari walipouingiza sindano ule uvimbe na kuyanyonya majimaji, aliamka akaanza kuzungumza. Miaka zaidi ya 80 imepita, na bado kisa hicho ndicho ninachowapa ndugu wanaoniambia kwamba hakuna la kufanya. Mgandamizo ulipoondoka, maneno yalirudi.

Cairns huyohuyo alikuwa miongoni mwa madaktari waliomhudumia T. E. Lawrence, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyejulikana kama Lawrence wa Arabia, aliyekufa kwa ajali ya pikipiki mwaka 1935. Mwaka uleule wa 1941 alichapisha uchunguzi wake kuhusu waendesha pikipiki wanaoumia kichwa na jinsi helmeti inavyookoa, na jeshi la Uingereza likawalazimisha wapanda pikipiki wake kuivaa. Sisi ambao wodi zetu za majeruhi zimejaa vijana wa bodaboda tuna sababu ya kuyakumbuka yote mawili kwa pamoja.

Sasa, njia zenyewe. Upande wa ndani wa ubongo, pale nusu ya kulia na ya kushoto zinapotazamana nyuma ya paji la uso, kuna eneo liitwalo singuleti ya mbele. Eneo hili limeungana na viini vilivyo ndani zaidi ya ubongo na thalamasi, kituo cha katikati kinachopokea na kupeleka habari za ubongo, katika mzunguko mmoja, na mzunguko huo hupata dopamini, kemikali inayobeba ujumbe kati ya seli za ubongo, kutoka kwenye shina la ubongo. Ukikatika mahali popote, hasa pande zote mbili kwa pamoja, mtu huacha kuanzisha jambo. Ukiumia upande mmoja tu, mara nyingi upande wa pili husaidia, na mgonjwa hunyamaza kwa muda kisha hurudi taratibu.

Mahali palipoumia hubadilisha sura ya mgonjwa. Aliyeumia mbele, kwenye singuleti, anaonekana yuko macho kabisa na anatazama huku na huku. Mara chache anaweza kufoka ghafla au kutoa sentensi nzima kisha akanyamaza tena. Aliyeumia thalamasi au shina la ubongo huwa na usingizi mwingi, kope zinashuka, na macho yanaweza kushindwa kwenda juu au kusogea kwa pamoja. Mwambie daktari unaona sura ipi. Ni habari ya maana kuliko unavyodhani.

Na mgonjwa mwenyewe anahisi nini? Mwaka 1983 daktari wa neva Antonio Damasio na mwenzake walieleza habari za mwanamke aliyepata kiharusi katika eneo hilo la mbele akanyamaza, kisha akapona. Alipoulizwa kuhusu ule ukimya, alisema hakuwa na la kusema. Akilini palikuwa patupu, na hakuwa na hofu. Hakuwa amefungiwa ndani akipiga kelele zisizosikika, jambo ambalo ndugu wengi hulifikiria usiku wakashindwa kulala. Hatuwezi kusema kila mgonjwa yuko hivyo, lakini ushuhuda wake umewatuliza wengi.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni hali hii, si nyingine inayofanana nayo

Fanya majaribio haya mgonjwa akiwa ameshalala vya kutosha, chumba kimetulia, redio na televisheni zimezimwa. Asubuhi baada ya kuogeshwa ni wakati mzuri. Rudia siku tofauti, kwa sababu wagonjwa hawa hubadilika saa hadi saa.

Anza na kioo cha mkononi. Kishike mbele ya uso wake, umbali wa sentimita 10 hadi 15, ajione. Kisogeze polepole kulia, kisha kushoto, juu, chini. Uso wa mtu mwenyewe huvuta macho kuliko kidole au tochi, na ndiyo maana hata wataalamu wa kupima fahamu hutumia kioo. Macho yakikifuata kioo, yuko mbali na ile hali ya kufumbua macho bila fahamu yoyote.

Kisha mpe amri moja fupi: "Fumba macho." Halafu nyamaza. Hapa ndipo watu wengi huharibu, kwa kuwa baada ya sekunde tatu wanarudia, wanapaza sauti, wanaongeza amri nyingine. Msukumo wake ni mzito kuanza. Hesabu moyoni mpaka 30 kabla ya kurudia. Wapo wanaofumba macho wakati ndugu ameshageuka kuondoka.

Jaribio la tatu ni simu. Daktari C. Miller Fisher wa Marekani alieleza mwaka 1983 kwamba baadhi ya wagonjwa wasiosema kitu ana kwa ana hujibu wakipigiwa simu. Mtu anayempenda atoke nje ya wodi, apige, na wewe umwekee mgonjwa simu sikioni, si kwa spika. Iite kwanza, aisikie ikilia. Halafu salamu ya kawaida: "Haloo, mama, shikamoo." Na kungoja. Salamu imekaa ndani yetu tangu utotoni, na "marahaba" hutoka kwa watu ambao hawajatamka neno wiki nzima. Ikitoka hata kwa kunong'ona, andika saa na neno lenyewe. Isipotoka, haina maana kwamba hasikii.

Sasa hali zinazofanana nayo, ambazo daktari lazima aziondoe:

Mgonjwa aliyefungwa mwili baada ya kuumia sehemu ya shina la ubongo iitwayo ponsi ana fahamu zote lakini amepooza kuanzia uso hadi miguu. Huyu huweza kusogeza macho juu na chini na kupepesa. Mwambie, "Kama unanisikia, tazama juu." Akitazama juu papo hapo, tena na tena, tafuta daktari siku hiyohiyo, kwa sababu mtu huyo anaweza kuzungumza nanyi kwa macho na anastahili kuulizwa kila kitu kinachomhusu.

Aliyepoteza lugha kwa kiharusi hujaribu. Anakunja uso, anaonyesha kwa kidole, anakasirika neno lisipotoka. Mgonjwa wa mutizimu akinetiki hajaribu.

Degedege isiyotikisa mwili ni ya kuogopa zaidi, kwa sababu inatibika na inasahaulika. Ubongo unakuwa kwenye kifafa bila mwili kurukaruka: macho yanavutwa upande mmoja, kope au kona ya mdomo inachezacheza, mgonjwa anazimika na kurudi. Kipimo cha umeme wa ubongo ndicho kinachoonyesha. Ukiona mchezo huo wa kope, upige video kwa simu.

Katatonia, ambayo ni ya magonjwa ya akili lakini pia hutokana na magonjwa ya mwili, huacha alama yake: ukiunyanyua mkono wa mgonjwa, unabaki juu hapo ulipouacha. Daktari anaweza kujaribu dawa ya jamii ya lorazepamu na kuona mabadiliko ndani ya muda mfupi. Sonona kali nayo hunyamazisha, ila mara nyingi kuna machozi, kuna huzuni usoni. Na upungufu wa homoni ya thairoidi, unaopimwa kwa damu, humfanya mtu awe mzito wa kila kitu.

Hatua ya pili: andika mfululizo wa matukio

Chukua daftari. Andika tarehe ya ajali au kiharusi, siku aliyopoteza fahamu, siku aliyofumbua macho, na jambo ambalo halimo kwenye mafaili mengi: je, aliwahi kuongea baada ya hapo? Lini aliacha? Ghafla, au kidogo kidogo? Jibu la maswali haya linaelekeza kwenye chanzo kuliko kitu kingine unachoweza kufanya bila mashine.

*Alinyamaza tangu mwanzo, baada ya ajali.* Ajali ya kasi hutikisa ubongo, sehemu za mbele zikagonga mfupa wa fuvu na nyuzi ndefu za neva zikakatika ndani. Majeraha yenyewe huonekana kwenye CT scan kama michubuko ya mbele pande zote mbili, au hayaonekani kabisa kama ni nyuzi zilizokatika. CT ikisomwa "kawaida" na mgonjwa yuko hivi, hiyo si habari kwamba ubongo hauna tatizo. MRI, picha ya ubongo ya kutumia sumaku, huona zaidi.

*Alianza na kichwa kuuma ghafla kuliko maumivu yote aliyowahi kupata.* Huenda ni mshipa uliovimba na kupasuka, damu ikamwagika juu ya ubongo. Mahali pa kawaida pa uvimbe huo ni kwenye mshipa mdogo unaounganisha mishipa miwili ya mbele, ile inayolisha singuleti za kulia na kushoto. Ndiyo sababu mpasuko mmoja unaweza kudhuru pande zote mbili kwa mara moja. Angalia pia miguu: eneo la miguu liko upande uleule wa ndani wa ubongo, hivyo mgonjwa wa aina hii anaweza kuwa na miguu dhaifu kuliko mikono. Na kama alikuwa akiongea vizuri siku za kwanza kisha akanyamaza kati ya siku ya 4 na ya 14, mishipa inaweza kuwa imejikaza na kuzuia damu. Hiyo ni dharura.

*Alilala akaamka mzito, hasemi, macho hayaendi juu.* Kuna watu ambao thalamasi zao zote mbili hulishwa na mshipa mmoja mdogo. Ukiziba, pande zote mbili zinakufa njaa kwa pamoja, na CT ya siku ya kwanza mara nyingi haionyeshi kitu. MRI tena.

*Alikuwa akipona, anakaa, anaongea, kisha kwa wiki kadhaa akafifia.* Hapa simama uangalie kwa makini, kwa sababu ndipo penye vyanzo vinavyoondoleka. Cha kwanza ni maji kujaa kwenye vyumba vya ubongo. Baada ya jeraha, kuvuja damu au homa ya uti wa mgongo, hasa ile ya kifua kikuu ambayo kwetu tunaiona sana, njia za maji ya ubongo huziba. Mgonjwa anapunguza maneno, anatembea kwa kuburura miguu, anajikojolea, kisha ananyamaza. Tiba ni upasuaji wa kuyapitisha maji: ama shunti, yaani mpira unaoyapeleka tumboni, ama tundu linalofunguliwa ndani kwa endoskopu, yaani mrija mwembamba wenye kamera, njia ambayo hospitali ya CURE ya Mbale, Uganda, imejulikana nayo duniani kwa watoto. Kama mgonjwa ameshawekewa shunti zamani na sasa amenyamaza, swali la kwanza liwe: je, shunti imeziba?

Cha pili ni damu inayokusanyika polepole chini ya utando wa ubongo. Huwapata zaidi wazee, hata kwa kuanguka bafuni ambako hakuna aliyekujali, na huweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye. Hutolewa kwa upasuaji usio mkubwa sana.

*Alivuta moshi wa jiko la mkaa, akazinduka, akaonekana mzima, kisha baada ya siku au wiki akawa hivi.* Sumu ya kaboni monoksaidi ina tabia hii ya kurudi. Mtu aliyelala chumba kilichofungwa na jiko la mkaa ndani, kule nyanda za juu wakati wa baridi, anazinduliwa hospitalini, anaruhusiwa, anarudi kazini. Kisha siku chache au wiki kadhaa baadaye anaanza kusahau, anakuwa mzito, anajikojolea, ananyamaza. Ubongo mweupe, ule wa nyuzi, na viini vya ndani vimeharibika. Familia haiunganishi matukio hayo mawili kwa sababu katikati kulikuwa na siku za uzima, na daktari mpya hajui habari za jiko. Mwambie. Wengi wa hawa hupata nafuu kubwa ndani ya mwaka, kwa hiyo matumaini yapo. Kukosa hewa kwa njia nyingine, kama moyo kusimama, kuzama majini au kuzidisha dawa za kulevya, kunaweza kuleta hali hiyohiyo.

*Hakuna jeraha lolote linaloeleweka.* Uvimbe wa katikati ya ubongo, maambukizi, na dawa za kuzuia mwili kukataa figo mpya, kama takrolimasi, zimo kwenye orodha ya daktari.

Hatua ya tatu: pitia kila dawa anayotumia

Weka dawa zote mezani, pamoja na zile za dukani na za mitishamba, usome majina. Njia zilizoumia zinaishi kwa dopamini, na kuna dawa za kawaida sana zinazoizuia. Haloperidoli, ambayo hutolewa kwa mgonjwa aliyechanganyikiwa na kuhangaika usiku, ni mojawapo. Metoklopramidi, ile ya kuzuia kutapika ambayo wengi wanaijua kwa jina la Plasil, ni nyingine, na inaweza kuendelea kwenye faili wiki nyingi baada ya kutapika kwisha. Dawa za usingizi, na baadhi ya dawa za kifafa zikiwa nyingi, nazo humzamisha mgonjwa.

Usikatishe dawa mwenyewe, hasa ya kifafa. Nenda na orodha, uulize: "Ipi kati ya hizi inaweza kumfanya awe mzito zaidi, na ipi inaweza kupunguzwa?" Daktari mzuri hachukizwi na swali hilo.

Hatua ya nne: maswali ya kupeleka kwa daktari

Dakika za raundi ya madaktari wodini ni chache. Andika maswali, na yaongoze haya: Je, picha ya kichwa imerudiwa tangu aliponyamaza, au tunategemea ile ya siku ya ajali? Vyumba vya maji vimepanuka? Kipimo cha umeme wa ubongo kinahitajika? Sodiamu, sukari, thairoidi, figo na ini vimepimwa? Ana maambukizi ya mkojo au ya mapafu, ambayo peke yake yanaweza kumzima mgonjwa wa ubongo? Na mwisho: yupo daktari wa upasuaji wa ubongo au wa neva anayeweza kumwona? Kwa Tanzania, taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam, ndiyo kituo kikubwa cha upasuaji wa ubongo. Kenya kuna Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Rufaa huchukua muda, kwa hiyo omba mapema, na omba CD ya picha, si karatasi ya majibu pekee.

Peleka pia zile video. Mgonjwa aliyesema "marahaba" saa mbili usiku anaweza kuwa kimya kabisa saa tatu asubuhi raundi inapopita, na daktari hawezi kuandika alichokuwa hajakiona.

Hatua ya tano: dawa za kuamsha msukumo

Chanzo kinachoondoleka kikishaondolewa, daktari anaweza kujaribu dawa za kuongeza dopamini. Mwaka 1981 madaktari wa Marekani waliripoti mgonjwa aliyeanza tena kutenda na kusema baada ya kupewa dawa za jamii hiyo, na tangu hapo bromokriptini na levodopa zimejaribiwa kwa wengi. Levodopa ni ile ya ugonjwa wa Parkinsoni, na hupatikana katika hospitali zetu kubwa. Nyingine ni amantadini. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 184 waliokuwa na fahamu hafifu baada ya kuumia kichwa: waliopewa amantadini kwa wiki 4 walipata nafuu kwa kasi kubwa kuliko waliopewa dawa bandia, na walipoacha kuitumia kasi hiyo ikapungua. Hao hawakuwa wagonjwa wa mutizimu akinetiki pekee, lakini madaktari wengi huanzia hapo.

Hakuna kati ya hizi inayofanya kazi kwa kila mtu. Aliyeumia thalamasi au shina la ubongo, mahali dopamini inapotoka, na ambaye singuleti zake ni nzima, ana nafasi nzuri kuliko ambaye singuleti zenyewe zimekufa, maana dawa huhitaji seli za kuipokea. Kuna madhara pia: kichefuchefu, presha kushuka akiketishwa, kuona vitu visivyokuwepo, na kwa amantadini hatari ya degedege na haja ya kupunguza dozi kama figo ni dhaifu. Kuna habari nyingine inayosambaa sana, ya dawa ya usingizi zolpidemu kumwamsha mgonjwa. Ni kweli imetokea, na taarifa za kwanza zilitoka Afrika Kusini mwaka 2000, lakini ni kwa wachache. Usiinunue dukani ukampa.

Dawa ikianza, mwombe daktari akupe siku ya kuipima, na weka alama katika daftari kila siku: amefuata kioo? ametii amri ngapi kati ya tano? ametamka? amemeza bila kukumbushwa? Bila alama hizo, baada ya mwezi kila ndugu atakuwa na maoni yake.

Hatua ya sita: kumlisha na kumtunza mwili

Mgonjwa huyu haombi. Hatasema ana kiu, mkojo umembana, jino linauma au mguu umelaliwa vibaya. Kila kitu ambacho mtu mzima hudai mwenyewe, wewe ndiye utakayekidai kwa niaba yake, kwa saa.

Kumeza ndiko kunakoua, kwa hiyo nitakaa hapo. Mpaka mtaalamu apime kwamba anameza salama, mpira wa puani ndio njia. Akiruhusiwa kula kwa mdomo, mketishe wima kabisa, kidevu kimeinama kidogo, uji uwe mzito, si wa kunywa kama chai. Kijiko nusu. Tatizo lake la pekee ni kwamba anafungua mdomo, anapokea, kisha chakula kinabaki shavuni kwa sababu kumeza nako kunahitaji kuanzishwa. Mguse mdomo wa chini kwa kijiko kitupu, sema "meza", ungoje, utazame koo lipande na kushuka. Halipandi, usiongeze kijiko. Kila vijiko vichache pitisha kidole chenye glavu au kitambaa safi ndani ya shavu uone kilichobaki, maana uji unaosahaulika pale huingia kwenye mapafu akilazwa. Abaki ameketi nusu saa baada ya kula. Akikohoa, sauti ya pumzi ikiwa na majimaji, au akipata homa, simamisha kulisha kwa mdomo na umwite daktari.

Mengine yanajulikana zaidi: mgeuze kila saa mbili, mchana na usiku, na ukague kisigino, mfupa wa kiuno na nyuma ya kichwa kila unapomgeuza. Nyoosha viungo vyote mara kadhaa kwa siku kama mtaalamu wa mazoezi alivyokuonyesha, hasa vidole, viwiko na vifundo vya miguu, ili siku akirudi mwili usiwe umekunjika. Mguu mmoja ukivimba na kuwa wa moto, usiukande. Inaweza kuwa damu iliyoganda, na kuikanda ni kuisukuma kwenye mapafu.

Hatua ya saba: kumwanzishia yeye amalizie

Kwa kuwa tatizo ni kuanza, anza wewe. Usiulize "unataka nini?", swali ambalo linamtaka atafute jibu kutoka patupu. Weka kikombe mkononi mwake, ufunge vidole vyake, upandishe mkono nusu ya njia, kisha uachie taratibu uone kama anaufikisha mdomoni. Kitana hivyo hivyo, kitambaa cha uso hivyo hivyo. Tumia vitu vyake: tasbihi, redio ndogo aliyoizoea, kanga yake.

Kwa maneno, tumia yale yanayotoka bila kufikiriwa. Mjukuu aingie, aamkie, angoje. Anzisha sala anayoijua ukaishie kabla ya neno la mwisho: "Baba yetu uliye…" au "Alhamdulillahi rabbil…". Anza kuhesabu, simama kwenye nne. Wimbo wa kwaya au kaswida husaidia. Mtu mmoja kwa wakati, dakika 10 au 15, kisha mapumziko; watu wanane kuzunguka kitanda wakimsemesha wote kwa pamoja humchosha na kumzima.

Na mbele yake msizungumze gharama za hospitali, wala kama atapona, wala nani atasimamia shamba. Anasikia.

Waleteeni pia watoto maelezo: "Ubongo wa baba umeumia mahali pa kuanzia kuongea." Mtoto anayelelewa na jibu hilo hatadhani baba amemkasirikia.

Kuhusu nafuu, na lini kurudi hospitali haraka

Aliyenyamaza kwa sababu ya maji au damu inayogandamiza anaweza kubadilika ndani ya siku baada ya upasuaji. Kwa kiharusi cha upande mmoja, maneno mara nyingi hurudi kwa wiki au miezi. Jeraha kubwa la pande zote mbili ni gumu zaidi, na wengi hubaki na kile kiitwacho abulia: anaongea ukimuuliza, anatembea ukimshika mkono, lakini akiachwa ataketi hapo mpaka jioni. Hapo ratiba ya nyumbani iliyoandikwa ukutani na mtu wa kumwanzishia kila jambo ndiyo tiba kuu, na hufanya kazi.

Rudi hospitali siku hiyohiyo ukiona usingizi unaozidi, kutapika, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, degedege, homa, shingo kukakamaa, uvimbe au maumivu kando ya njia ya shunti, au kupoteza jambo lolote alilokuwa ameshalipata, hata kama ni kuitikia salamu tu. Nenda na daftari lako, dawa zote kwenye mfuko mmoja, na CD ya picha ya mwisho.